Kuvaa Kizamani kwa Usiku wa Swing Kampala: Kutoka Owino Hadi Ukumbini

Kila mwaliko wa sherehe ya mavazi ya zamani ukianza kuzunguka kwenye simu za watu hapa Kampala, maswali huja yale yale. Dada, nguo za zamani napata wapi? Lazima nivae kofia? Fundi wangu nimwambie nini maana hajui hayo mambo? Mwezi uliopita kijana mmoja amenipigia saa nne usiku, sherehe ni kesho yake, na alichokuwa nacho ni kofia ya pama aliyoazimwa na miwani ya jua. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja.

Kabla ya hatua yoyote, shika mambo mawili. La kwanza ni kwamba nguo ya zamani ni umbo. Kiuno kimekaa wapi, bega lina upana gani, pindo linaishia wapi. Ukiyapata hayo matatu, huna haja ya shanga wala manyoya. Ukiyakosa, hata uvae kofia tatu utafanana na mwanafunzi wa igizo la shule. La pili ni kwamba swing, yaani dansi ya muziki wa jazi wa bendi kubwa, inachezwa, haikaliwi. Utazungushwa, utarusha miguu, utatoka jasho hadi mgongoni. Nguo isiyoruhusu mkono kupanda juu ya kichwa iache nyumbani, hata ikiwa nzuri kama ya malkia.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Muda wa wiki mbili. Wiki moja ya kutafuta, moja ya fundi. Fundi akikuambia "kesho", hesabu siku nne.
- Futi ya fundi, na vipimo vyako vimeandikwa: kifua, kiuno kwenye kitovu (si pale suruali yako ya jinzi inapokaa), nyonga, bega hadi bega, na kutoka kiuno hadi chini kidogo ya goti.
- Picha tatu za nguo unayoitaka: mbele, ubavuni, mgongoni. Fundi anashona anachokiona.
- Noti ndogo ndogo za kununulia.
- Kiberiti. Utaona cha nini.
- Sindano, uzi, vibanio vya nywele, na pini kubwa nne za kufungia nguo.
- Kwa wanawake, taiti nyeusi inayoishia juu ya goti.

Hatua ya 1: Uliza ni miaka gani

"Zamani" si jibu. Mpigie aliyekualika umuulize muongo, maana nguo za miongo tofauti hazifanani hata kidogo.

Miaka ya 1920 gauni limenyooka kama bomba na kiuno kimeshuka hadi kwenye nyonga. Hizo ni nguo za kuchezea Charleston, dansi ya wakati huo. Miaka ya 1930 vitambaa vinakatwa mshazari na kuteleza mwilini. Miaka ya 1940, ambayo ndiyo swing yenyewe, bega ni pana, kiuno kiko kwenye kitovu, sketi inaishia chini kidogo ya goti na haina mapana mengi. Hiyo haikuwa mitindo tu. Kulikuwa na vita: Uingereza iliweka mgao wa nguo kuanzia Juni 1941 hadi 1949, na Marekani mwaka 1942 ikawawekea washonaji kikomo cha kitambaa. Zile sketi kubwa za kuzunguka kama mwavuli zilikuja baadaye, Christian Dior alipoonyesha nguo zake Paris Februari 1947, na zikatawala miaka ya 1950.

Halafu kuna jambo la kwetu. Sherehe nyingi zinazoitwa za zamani hapa Uganda hazihusu swing kabisa. Mwenyeji anawaza uhuru wa 1962: suti iliyobana, tai nyembamba, gauni fupi lililonyooka. Au anawaza miaka ya 70: bugaluu, afro, na nyimbo za Afrigo, bendi ya hapa Uganda iliyoanzishwa 1975. Ukienda huko na mabega ya 1943 utakuwa peke yako. Na ukichagua miaka ya 70, kumbuka Amin alipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Shangazi aliyeishi siku hizo akikuona na mini atakuuliza ulipita vipi barabarani.

Kama hakuna anayekujibu, chagua miaka ya 1940. Inawapendeza watu wa maumbo yote, na ndiyo rahisi kuliko zote kuipata sokoni. Hatua zinazofuata zimejengwa juu yake.

Hatua ya 2: Anza na sanduku la jjajja

Jjajja ni bibi au babu, na sanduku ni lile la bati, chini ya kitanda. Usitafute gauni humo, tafuta vitu vidogo: mkoba wa mkono wenye kufuli la chuma, bruchi, kitambaa cha kichwa cha satini, saa ya babu, tai pana. Omba ruhusa, na usikate wala kushona upya kitu chochote ulichoazimwa.

Utakutana na gomesi pia, gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda. Bega lake lililochongoka linakaribiana kabisa na bega la miaka ya 40, na vifungo viwili vya kushoto shingoni vina uzuri wake. Kwa hafla ya kukaa na kunywa chai, vaa gomesi, hakuna vazi la zamani la Uganda linaloipita. Kwa kucheza lindy hop, ile dansi ya swing ya kuzungushana na kurushana, hapana. Inafika chini, kuna kikoyi ndani, na mkanda wake umefungwa kwenye nyonga. Mwenzako akikuzungusha mara moja mtaanguka wote wawili.

Hatua ya 3: Nenda Owino

Jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe, lakini ukimwambia mwenye boda hivyo atakuuliza "Owino?" Nenda asubuhi siku ya kazi, mabegi ya mitumba yakiwa ndiyo kwanza yanafunguliwa. Vaa fulana ya kubana na taiti ili uweze kujaribu nguo juu yake, kwa sababu chumba cha kujaribia ni wewe na kanga yako. Mkoba uwe kifuani.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Usitafute nguo ya mwaka 1943. Hutaipata, na ukiipata usiichezee: uzi wa miaka themanini umechoka, utapasuka kwenye kwapa wimbo wa kwanza. Tafuta nguo za miaka ya 1980 na 1990 zilizoiga za 1940. Miaka ya 80 mabega mapana yalirudi, gauni la vifungo mbele likarudi, mkanda kiunoni ukarudi. Zimejaa Owino, na hakuna anayezitaka kwa sababu zinaonekana za kizee.

Wanawake, mnatafuta:
- gauni la vifungo mbele lenye kola, mikono mifupi au ya kufika kiwiko, la pamba au reyoni laini, lenye maua madogo au vitone;
- sketi yenye mikunjo michache inayofunguka kuanzia nyonga;
- blauzi yenye bega lililojazwa au marinda kidogo begani.

Wanaume, mnatafuta:
- suruali ya kitambaa yenye mikunjo miwili mbele na mguu mpana, ile ya miaka ya 90 ambayo baba zetu waliivalia harusi. Chukua kubwa kuliko saizi yako, namba mbili zaidi, kwa sababu unataka ipande hadi kitovuni na bado iwe na nafasi ya kupiga teke;
- shati jeupe au la rangi ya maziwa, kola yenye ncha ndefu;
- kizibao. Ukikosa koti, kizibao kinatosha. Kwa joto la ukumbini kizibao ni bora kuliko koti.

Usimwambie muuzaji neno "vintage". Nililitaja mara moja, na gauni la shilingi 10,000 likapanda hadi 40,000 nikiwa nimelishika mkononi. Sasa nasema natafuta nguo za mama wa kanisani. Yule mama ninayemnunulia siku hizi huchomoa kutoka chini ya lundo, anakung'uta vumbi, ananiambia, "Nyabo, hii ya wazee, nipe elfu nane tu." Namwambia, "Mama, punguza, mimi mteja wako." Tunaishia elfu sita, na wote tumeridhika.

Kabla ya kulipa, geuza nguo ndani nje na uinue kuelekea kwenye mwanga. Matundu ya wadudu yataonekana kama nyota. Kagua kwapa, hapo mshono huoza kwanza kwa jasho la mwenyewe wa zamani. Vuta zipu juu na chini mara tatu. Nusa. Harufu ya sandukuni inatoka kwa kufua. Harufu ya ukungu mweusi haitoki, iache.

Mimi mwenyewe nililipa bei ya kujifunza hili. Gauni la kijani, vifungo vya mfupa, lilinikaa kama nimezaliwa nalo. Sikukagua kwapa. Wimbo wa pili mwenzangu akanirusha nje kwa mkono wa kulia, nikasikia "krrrp" kubwa kuliko tarumbeta. Nilicheza usiku mzima mkono umebana ubavuni kama kuku.

Hatua ya 4: Jaribu kitambaa kwa kiberiti

Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibanio juu ya sinki au sahani, uuwashe. Ukinuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, ni pamba au reyoni. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu au hariri. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi, ni poliesta.

Poliesta inapendeza kwenye picha lakini haipitishi jasho. Kwa sherehe ya kukaa, sawa. Kwa saa tatu za kucheza kwenye ukumbi wenye feni moja, utaijutia.

Hatua ya 5: Fua na upige pasi

Loweka saa moja kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, suuza, rudia. Kama rangi inatoka, ifue peke yake. Anika kivulini. Halafu piga pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono, hata kama ni pasi ya mkaa kwa sababu umeme umekatika. Wenye nzi wa embe kwenye uwanja wao wanajua kwa nini nasisitiza: hutaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa, na joto la pasi ndilo huyaua.

Gauni lenye pedi za mabega, zitoe kabla ya kulowesha. Zikinywa maji zinageuka sponji na hazirudi umbo.

Hatua ya 6: Kaa na fundi

Hapa ndipo nguo ya elfu sita inapogeuka kuwa ya 1943. Beba nguo, picha zako, na uvumilivu. Ukihitaji kitambaa au vifungo pia, kwenye mtaa wa Kiyembe hapa mjini vyote viko pamoja, kitambaa upande huu na cherehani upande ule.

Usimwambie "nishonee kizamani". Mpe maagizo moja moja, na aweke alama ya chaki kwa kila moja nguo ikiwa mwilini mwako, umevaa viatu utakavyochezea.

Kwa gauni:
1. Pedi za miaka ya 80 ni kama mito. Mwambie azipunguze nusu, zisitoke nje ya mfupa wa bega zaidi ya sentimita moja.
2. Abane kiuno kwenye kitovu. Gauni za miaka ya 80 zina kiuno kilicholegea. Abane kwa mishono midogo miwili mbele na miwili nyuma, asibane ubavuni peke yake.
3. Pindo liishie sentimita tano chini ya katikati ya goti. Refu zaidi ya hapo unakuwa bibi arusi wa 1986.
4. Kwapa aweke kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi. Mkono utapanda juu bila kuinua gauni zima. Mafundi wa zamani wanakijua. Kijana akikushangaa, mwonyeshe kwa mkono wako.
5. Kwapa na kiuno apige mshono mara mbili.

Kwa suruali:
1. Kiuno kikae kwenye kitovu. Ikiwa suruali haifiki, mwambie aongeze ukanda wa juu wa upana wa sentimita nne kwa kitambaa kinachofanana.
2. Mguu wa chini uwe na mzunguko wa sentimita 50 hadi 56. Usimruhusu aupunguze. Atataka kuupunguza, kwa sababu kila kijana anayeingia hapo anataka ubane. Kaa naye.
3. Pindo ligeuzwe nje, upana wa sentimita nne.
4. Vifungo sita kwa ajili ya suspenda: jozi mbili mbele, jozi moja nyuma. Suspenda za kubana kwa chuma huruka katikati ya wimbo na zinaweza kumpiga mtu jichoni.
5. Suspenda na mkanda havivaliwi pamoja. Chagua kimoja.

Na tai: tai za wakati huo zilikuwa fupi, kwa sababu suruali ilikuwa juu. Ncha iguse kiuno cha suruali na iishie hapo. Tai ya siku hizi ikining'inia hadi kwenye zipu inaharibu kila kitu. Funga fundo lenye mizunguko miwili, au mpe fundi aikate.

Hatua ya 7: Ukitaka sketi ya klosi, ishone upya

Hii, ile ya duara inayofunguka kama mwavuli, ni ya miaka ya 50, si ya 40, lakini najua mtaitaka tu, kwa sababu inazunguka vizuri. Mitumba yake ni michache. Ishone.

Chukua kiuno chako, gawa kwa 6.28. Kiuno cha sentimita 72 kinakupa 11.5; huo ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi ukingo wa tundu la kiuno. Ongeza urefu wa sketi, tuseme 60, na sentimita tatu za mishono na pindo. Jumla ni kama 75. Kitenge cha upana wa sentimita 115 kinahitaji nusu duara mbili, kila moja urefu wa mita moja na nusu, yaani mita tatu. Kitenge kizima cha yadi sita ni kama mita tano na nusu, kwa hiyo utabakiwa na cha blauzi.

Tundu la kiuno likatwe dogo kuliko hesabu, kwa sababu ukingo wa duara unavutika. Ukikata kubwa hakuna kurudi nyuma. Kisha, kabla ya kukunja pindo, tundika sketi kwenye hanga usiku kucha. Sehemu zilizokatwa mshazari zitashuka zenyewe. Asubuhi ndipo fundi alisawazishe pindo. Fundi mwenye haraka huruka hatua hii, na wiki moja baadaye sketi yako ina masikio mawili kama ya mbuzi.

Gaguro la neti ngumu ndani linatosha tabaka mbili. Neti isiguse ngozi; weka pamba chini yake, la sivyo mapaja yatawasha kama umepita kwenye upupu.

Hatua ya 8: Viatu

Simama kwenye sakafu, inua kisigino, zunguka kwa nyayo ya mbele. Kiatu kikigoma, goti lako ndilo linalozunguka badala yake, na goti halina vipuri. Soli za mpira hugoma. Soli za ngozi huteleza vizuri kwenye mbao na saruji, lakini kwenye vigae vilivyopigwa nta huteleza kupita kiasi, na kumbi nyingi hapa ni vigae. Jibu ni ngozi yenye malaika, yaani vinyweleo laini (suede): mpelekee fundi viatu raba zako za turubai au viatu vya kamba, abandike ngozi hiyo laini chini, upande wa malaika ukitazama sakafu.

Wanawake, kisigino kisizidi sentimita tano, kiwe kinene, na kiatu kiwe na mkanda wa kufunga mguuni. Kiatu cha kuchomeka kitaruka. Wanaume, viatu vya rangi mbili, kahawia na nyeupe, vinapendeza mno. Vikikosekana, vyeusi vya kamba vilivyong'arishwa.

Hatua ya 9: Kichwa

Kuna mtu atakuambia haya ni mambo ya wazungu. Mwambie lindy hop ilizaliwa na watu weusi wa Harlem, New York, na nyumba yake kuu ilikuwa Savoy Ballroom, iliyofunguliwa 1926 na kufungwa 1958. Frankie Manning, aliyeingiza mtindo wa kumrusha mwenzako hewani katika ngoma hiyo miaka ya 1930, alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo ukitafuta picha za kumwonyesha mtu wa saluni, tafuta wachezaji wa Savoy. Nywele zao ni kama zako.

Njia rahisi: suka pembeni na nyuma zikibana kichwa, acha fungu la mbele. Chukua nywele bandia kidogo, zikunje kama soseji, ziweke juu ya paji, kunja nywele zako kuzizunguka kuelekea nyuma, bana kwa vibanio viwili vilivyopishana msalaba. Nywele fupi? Funga kitambaa cha satini kama kilemba, fundo mbele juu ya paji. Wanawake wa viwandani wakati wa vita walifunga hivyo hivyo.

Wanaume, mwambie kinyozi akuchoree njia upande wa kushoto na apunguze pembeni. Kofia ya pama vaa ukiingia, piga picha, kisha itundike. Hakuna anayecheza nayo.

Rangi nyekundu ya midomo, basi. Mengine ni hiari.

Hatua ya 10: Jaribu nguo kamili, kisha panga safari

Siku tatu kabla, vaa kila kitu na ucheze nyimbo tatu sebuleni. Inua mikono, chuchumaa, zunguka, piga teke. Kinachobana leo kitapasuka Jumamosi.

Na boda. Sketi ya klosi na gurudumu la nyuma havipatani. Nimeona mnyororo ukila nusu ya gauni pale kwenye taa. Safiri na taiti na fulana, gauni likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ubadilishe ukifika. Viatu vya kuchezea pia viwe mfukoni daima. Ngozi ya malaika ikikanyaga tope la Kampala mara moja imekufa.

Makosa yanayorudiwa

Sare za jeshi. Huko nje watu hupenda kuvaa sare za vita vya miaka ya 40 kwenye sherehe za swing. Hapa usithubutu. Sheria ya Uganda inakataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na mwaka 2019 hata bereti nyekundu iliingizwa kwenye orodha ya mavazi ya jeshi. Koti la kijani la jeshi utaliona Owino kwa bei ya kutupa. Lipite.

Kofia ngumu ya mkoloni, ile nyeupe ya kuwindia. Haina sheria, lakini babu yangu angekutazama vibaya, na mimi pia.

Kuchanganya miongo: mabega ya 40, gaguro la 50, afro ya 70. Chagua muongo mmoja.

Vitu vyenye ncha: pete kubwa, bruchi ya kifuani, saa yenye kingo, hereni za kuning'inia. Bruchi iwe kwenye koti utakalolivua.

Mambo yakiharibika

*Sketi inapanda hadi kiunoni ukizunguka.* Taiti inakuokoa leo. Kesho, mwambie fundi aingize kamba nzito ya pamba ndani ya pindo.

*Shati linachomoka kila dakika.* Shati za siku hizi zimekatwa fupi. Shona lastiki mbili kutoka ncha za shati hadi kwenye soksi, au nunua shati la saizi kubwa zaidi.

*Jasho linaonekana mgongoni.* Vesti ya pamba ndani, na shati la pili kwenye mfuko. Wachezaji wa kweli hubeba matatu. Leso mfukoni ni ya kujifuta kabla ya kumshika mwenzako mkono, si pambo.

*Sakafu inateleza mno.* Lowesha kitambaa kidogo, kikanyage kwa nyayo kila baada ya nyimbo mbili. Usimwage maji wala unga sakafuni, utawaangusha wengine.

*Zipu imekatika.* Ndiyo maana una pini nne. Funga kwa ndani, moja kila sentimita tano, vaa kizibao au shali juu, na upunguze kurushwa.

*Sherehe ni leo na huna chochote.* Mwanamume: shati jeupe, pandisha suruali hadi kitovuni, ikaze kwa mkanda, funga tai iishie hapo hapo, kunja mikono ya shati hadi juu ya kiwiko, chana njia pembeni. Mwanamke: blauzi yoyote yenye kola, ichomeke kwenye sketi inayofika chini ya goti, weka pamba kidogo mabegani chini ya kamba za sidiria, kitambaa kichwani, midomo myekundu. Kijana wa saa nne usiku nilimpa maneno haya haya kwenye simu, nikamwambia na ile miwani ya jua aiache nyumbani. Kesho yake alinitumia picha: tai fupi, suruali kitovuni, anacheka. Watu watatu, akasema, wamemuuliza suti ameshonewa wapi, na hakuwa amevaa suti.